Nukta Zinazopima Jicho la Mtoto

JE, mwanao husogelea ubao au hukunja uso anaposoma? Usimkaripie kwanza. Huenda kosa limo machoni.

Katika miaka ya 2020, wapimaji waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba katika Kaunti ya Meru wakiwa na simu za kupimia macho, na waliotatizika wakatumwa kwa wataalamu. Simu hiyo humtambua asiyeona vizuri, lakini haisemi avae miwani ya nambari gani. Hapo huja mashine nyingine ambayo, amini usiamini, chimbuko lake ni kwa watazama-nyota.

Mnamo 1900 hivi, Johannes Hartmann wa Ujerumani alikagua darubini kwa bamba lenye matundu. Mwaka wa 1971 Roland Shack na Ben Platt wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, waliweka vilenzi mahali pa matundu. Mwaka wa 1994 watafiti wa Heidelberg walikielekeza chombo hicho kwenye jicho la binadamu.

Mwali hafifu hutiwa jichoni, hugonga retina, kisha hurudi nje na kupita kwenye vilenzi. Kila kilenzi hutoa nukta moja kwenye kamera. Jicho likiwa zima, nukta hujipanga safu kwa safu kama mikahawa ya Runyenjes. Likiwa na kasoro, nukta huhama, na umbali zilizohama ndio kipimo chenyewe.

Basi mbona visiongezwe vilenzi ili picha iwe kamili? Huongezwa, lakini kila kimoja hupata mwanga kidogo zaidi, na nukta hufifia. Tena jicho likiwa bovu sana, nukta huvuka mpaka na kuingia shamba la jirani, kompyuta isijue ni ya nani. Ndiyo sababu waundaji hutumia programu ya kufuata kila nukta, hutafuta kitovu chake kwa kupima mng'ao wa kila pikseli, na huchukua wastani wa picha kadhaa.

Tatizo sugu, hata hivyo, ni mtoto mwenyewe. Akikazia macho kitu cha karibu, lenzi ya jicho lake hunenepa, na mashine humdhania kuwa haoni mbali. Miwani hutengenezwa kwa hatua za robo diopta. Kosa hili laweza kuruka hatua kadhaa! Kwa hivyo ukimpeleka hospitali, iwe Meru au Embu, na akatiwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, usikasirike kwa kungoja wala kwa kuwa ataona ukungu kwa saa kadhaa. Mwambie pia apepese macho kabla ya kupimwa, kwani machozi yakikauka nukta huvurugika. Na ukipewa miwani kwa karatasi ya mashine peke yake, kabla mtoto hajajaribishwa lenzi mbele ya ubao wa herufi, uliza kwa nini.