Kauntabuku Mbele ya Jopo: Haki ya Kuingia Chuo Kikuu Bila Kidato cha Sita

Mtahiniwa mmoja, mama wa makamo, aliingia kwenye usaili amekumbatia kauntabuku ya kwaya tatu. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katika mtihani wa kuandika, swali la Kiingereza lililotaka maana ya uchakavu wa mali aliliacha tupu. Nikafungua kauntabuku. Mashine ya kusaga ya kikundi imeandikwa bei waliyoinunulia, na kila Desemba amekata sehemu ya thamani yake. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Mwalimu, mashine inazeeka. Nisipopunguza, siku ikifa wanachama watadhani bado wana mali."

Wahitimu wengi wa biashara ninaowafahamu hawawezi kulieleza jambo hilo vizuri namna ile.

Utambuzi wa ujuzi wa awali ni utaratibu wa kumdahili mtu kwa anachokijua, popote alipojifunzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na mtihani wa kuingilia kwa watu wazima kwa miaka mingi, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliweka utaratibu wake pia. Wazazi ambao watoto wao wamesota kidato cha tano na sita huniuliza kama hii si njia ya mkato. Wana haki ya kuuliza. Cheti ni ushahidi kwamba mtu anajua, na ushahidi huja kwa sura nyingi. Tunachodaiwa sisi watahini ni kuupima kwa ukali uleule.

Kinachonisumbua zaidi ni nani hasa anayefika mlangoni. Somo tulishalipata zamani. Novemba 1974, TANU, chama tawala cha wakati ule, ilipitisha Azimio la Musoma: anayemaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa afanye kazi kwanza, walau miaka miwili, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na barua nzuri ya mwajiri na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema. Mfanyakazi aliyekomaa angepata nafasi, na msomi angeijua kazi kabla ya kuisimamia. Masharti yalikuwa mamoja kwa wote. Lakini kwa msichana wa wakati ule, ndani ya miaka hiyo miwili mlikuwa na posa, ndoa na watoto, na barua ya mwajiri mara nyingi ilikuwa mikononi mwa mwanamume. Idadi ya wanawake chuoni ikaanguka, na mwaka 1976 wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Hakuna aliyekusudia kuwafungia. Masharti yenyewe yaliwachuja.

Nikitazama mitihani yetu ya leo, naona uchujaji uleule. Fundi wa Namtumbo atafuata masomo ya maandalizi mjini kwa nauli ya nani? Mama anayefikiri hesabu kwa Kiswahili anapimwa hesabu, au Kiingereza?

Ningependa kila chuo kitangaze, mwaka hadi mwaka, walioomba kwa njia hii, waliofaulu na waliohitimu, wanawake kwa wanaume, wilaya kwa wilaya. Kasoro ya Musoma ilirekebishwa mapema kwa sababu pengo lilionekana kwenye hesabu. Na siku ya usaili, kauntabuku iwekwe mezani, mwenyewe aulizwe kwa lugha aliyoiandikia.