Turbo ya gari yetu haikukufa



Wengi walituuliza sababu gani sisi wa darasa la sita tulionekana siku ya posho tukipakaa maji ya sabuni kwenye motere ya gari ya shule, sawa watu wanaofua nguo. Wengine walicheka sana. Leo tunawajibu, juu ya sababu mbili. Ya kwanza, iko elimu ndani yake. Ya pili, kuna mutu aliyetukanwa bure, na sisi wenyewe tulikuwa kati ya wale waliomutukana.

Gari yetu ni Land Cruiser yenye motere ya 1HZ, ya mazuti, silinda sita, lita 4,2. Toka kiwandani motere hii haina turbo. Ile turbo iliongezwa nyuma, mbele sisi hatujafika hapa, kwa sababu ya milima yetu. Muhula wa kwanza Papa shofere alirudi toka Uvira na mifuko ya unga, akapanda Ngomo kwa vitesi ya kwanza njia yote, moshi mweusi nyuma yake. Fundi moja akaitwa, akasikiliza motere, akasema: « Turbo imekufa. Shofere ameiua, anazima motere ingali moto. » Bei ya turbo mupya ikatajwa. Halafu tukasikia kwamba feza itakatwa kidogo kidogo kwa mushahara wa shofere. Ndani ya dortuari watu wakatunga wimbo wa kumuchekelea. Hatutauandika hapa.

Basi, turbo ni nini? Motere inakula vitu viwili, mazuti na hewa. Mazuti watu wanaihesabu kwa sababu inalipwa. Hewa ni bure, kwa hiyo hakuna anayeiwaza. Lakini hesabuni pamoja nasi. Katika motere ya namna hii kila silinda inavuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, ni mivuto 1.500 ya lita 4,2: jumla lita 6.300 za hewa kila dakika. Mapipa zaidi ya thelathini ya lita mia mbili! Hewa ikipunguka, mazuti haiungui yote, nayo inatoka kuwa moshi mweusi. Ndiyo ile tuliyoona.

Na hewa yetu ya juu ni nyepesi. Kando ya bahari mukazo wa hewa ni karibu bar 1,01. Uvira, karibu na ziwa Tanganyika, unabaki 0,92. Bukavu, kwa metre 1.500 hivi, ni 0,85 tu. Turbo inakuja kulipa hiyo deni. Iko na magurudumu mawili madogo yenye mabawa, yamefungwa kwa chuma kimoja. La kwanza linasukumwa na moshi unaotoka kwa motere. La pili linazunguka pamoja nalo na kusukuma hewa ndani. Ni Alfred Büchi, Muswisi, aliyepata hati ya ufundi huu mwaka 1905. Turbo ndogo inaweza kupita mizunguko 100.000 kwa dakika. Ziko gari zingine zenye kompresa inayovutwa na mukaba wa motere, si na moshi. Kwa hizo, mbele ya yote angalia kama mukaba unateleza. Kutafuta mahali hewa inatoroka ni karibu sawa.

Kwa 1HZ mafundi wengi wanaweka mukazo wa kati ya bar 0,5 na 0,7 juu ya ule wa inje, kwa sababu motere hii yenyewe inakamua hewa sana, mara 22 na zaidi. Saa ya mukazo ya gari yetu ilizoea kuonyesha 0,6. Siku ile ya Ngomo ilionyesha 0,2.

Mutu mwingine akasema: « Ni mulima tu. » Sisi pia tuliamini, mpaka profesa wetu wa fizika alipotusahihisha. Ile saa haipimi hewa yote, inapima tofauti kati ya ndani na inje. Na turbo iko na mulango mudogo ambao unafunguka na kupitisha moshi pembeni wakati mukazo umefika kipimo, ili usipite kiasi. Resori ya ule mulango nayo inapima tofauti na hewa ya inje. Kwa hiyo turbo nzima inaonyesha karibu 0,6 Uvira na karibu 0,6 Bukavu, ijapokuwa Bukavu nguvu ya motere inapunguka kidogo. Kushuka mpaka 0,2 si kazi ya mulima. Hewa inapotea mahali fulani, ao haitengenezwi.

Profesa akaomba ruhusa kwa Prefe, akatuchukua watano. Alisema neno moja ambalo tuliandika kwenye daftari: tuanze na kitu cha bei kidogo, turbo ije mwisho.

Kitu cha bei kidogo kabisa ni ile saa yenyewe. Inasoma mukazo kwa njia ya tiyo nyembamba sawa mushipa. Ikipasuka, saa inadanganya. Yetu ilikuwa muzima. Tena moshi mweusi pamoja na kukosa nguvu ulionyesha kwamba kweli hewa ndiyo inakosa. Kama gari inakosa nguvu bila moshi, tafuta kwanza upande wa mazuti, filtere yake hasa.

Filtere ya hewa ilikuwa na vumbi, ndiyo, lakini si ya kuziba. Tuliitoa, Papa shofere akaendesha kidogo sana bila filtere ili tuone saa. Ikabaki 0,2. (Msifanye hivyo kwa safari! Vumbi inakula mabawa ya turbo.)

Kisha matiyo. Hapa ndipo kazi kubwa ilikuwa. Kati ya turbo na motere kuna tiyo nene ya kauchu, imefungwa na kolie kila upande. Kwa macho ilikuwa mupya. Fundi wa kwanza aliigusa, akaipita. Lakini chini yake, mahali mukono haufiki vizuri, tuliona weusi wa mafuta na vumbi uliogandamana. Turbo inatoa mvuke kidogo wa mafuta pamoja na hewa. Mahali hewa inatoroka, ule mvuke unaacha alama.

Alama peke yake haitoshi kuhukumu. Tulizima motere, tukangoja ipoe. Tukatwaa kifuniko cha bomba ya plastiki, tukakitoboa, tukapachika ndani yake valve ya pine, kisha tukakifunga kwa nguvu na kolie kwenye mudomo wa turbo, mahali inapovutia hewa. Mutengeneza pine wa kijijini alileta mashine yake ya upepo. Tulitia hewa pole pole mpaka bar 0,6, si zaidi, na hakuna aliyesimama mbele ya kifuniko, kwa maana kikiruka kinaweza kuvunja meno. Hapo ndipo tukapakaa ile sabuni muliyoiona. Hewa kidogo ilisikika ikipitia kwa silinda na kutoka kwa bomba ya moshi. Hiyo ni kawaida, iko valve zinabaki wazi. Kolie ya kwanza: hakuna kitu. Kolie ya pili: hakuna. Kisha profesa akaingiza mukono chini ya tiyo na sabuni, na povu likatoka sawa bia iliyofunguliwa (mfano huu si wa profesa, ni wetu). Ufa wa urefu wa kidole kimoja. Bila mukazo unajifunga, huuoni. Ukisukuma, unajifungua sawa mudomo.

Hata hivyo tuliendelea, kwa sababu sehemu mbili zinaweza kuharibika pamoja. Tuliangalia mahali bomba ya moshi inashikamana na motere mbele ya turbo: moshi ukitoroka pale, turbo inakosa wa kuisukuma, na unaona masizi meusi na kusikia tik-tik wakati motere ingali baridi. Hakuna. Ule mulango mudogo ulijifunga vizuri. Ungekwama wazi, moshi ungepita pembeni na turbo ingelala. Mwisho turbo yenyewe. Tuliizungusha kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza, mabawa mazima, hayagusi ukuta. Papa shofere alisimama pale akiangalia kidole cha profesa. Hakusema neno.

Tiyo mupya na kolie mbili zilinunuliwa, bei ambayo hata sisi tungeweza kuchangia. Saa ikarudi 0,6. Mutunza feza alifuta jina la shofere kwenye ile karatasi mbele yetu, na jioni ile watunga wimbo wawili (wanajijua) walikwenda nyumbani kwake. Aliwapa viti, akawauliza habari za masomo. Juu ya kuzima motere: ni kweli kwamba nyuma ya mupando mukali inafaa kuiacha izunguke pole pole dakika moja ao mbili, mafuta yapoze turbo. Papa shofere anatuambia alikuwa akifanya hivyo siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

Inabaki jambo moja, nalo ni la hatari. Ule fundi wa kwanza, alipoona gari inakosa nguvu, alizungusha vise ya pompi ili mazuti iingie nyingi zaidi. Kwa muda gari ilionekana kupata nguvu kidogo. Lakini mazuti nyingi bila hewa inapandisha moto wa moshi, na pistoni ni za aliminiamu. Aliminiamu safi inayeyuka kwa digri 660. Sasa hewa imerudi, lakini ile vise haijarudi, na bado tunaona moshi kidogo gari ikianza kupanda. Mwenye kupima pompi vizuri anaitwa wiki ijayo. Mpaka siku ile, wanafunzi wanaopanda gari, musimuambie Papa shofere aongeze mwendo.