Nyota za Hoteli: Unalipia Nini Hasa Ukienda Kuchukua Mzigo Dubai?

Wadau, dada mmoja ametutumia picha ya skrini. Anaenda Dubai kwa mara ya kwanza kuchukua mikoba na madera ya kuuza kwenye ukurasa wake. Amepata hoteli mbili za Deira, zote nyota tatu. Moja dirhamu 180 kwa usiku, nyingine 290. Anauliza: "Si zote nyota tatu? Hiyo 110 ya juu nalipia nini?"

Swali zuri sana, maana mtaji wake ni ule ule unaolipa tiketi, viza, mzigo na kago. Kila dirhamu inayolala hotelini ni dirhamu ambayo haijanunua mkoba.

Kwanza tuelewane kuhusu nyota. Nyota zinahesabu vitu vilivyopo. Mkaguzi anaangalia: chumba kina ukubwa gani, bafu liko ndani, mapokezi yako wazi saa 24, kuna lifti, mgahawa, huduma ya kufua na kadhalika. Vikitimia vya ngazi fulani, hoteli inapewa ngazi hiyo. Godoro limebonyea au halijabonyea, mtu wa mapokezi ana kisirani au hana, hiyo nyota haikuambii. Hoteli ya nyota nne iliyozeeka inaweza kukulaza vibaya kuliko ya nyota mbili iliyofunguliwa juzi.

Pia hakuna ofisi moja ya dunia nzima inayogawa nyota. Dubai zinatolewa na idara ya serikali inayosimamia utalii. China wana kiwango chao cha taifa. Huku kwetu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vyao vya pamoja. Kwa hiyo usichukue nyota tatu ulizolala Mwanza ukazipima na za Deira au Guangzhou, utashangaa. (Na ile "nyota saba" ya Burj Al Arab ni maneno ya watu tu. Daraja lake rasmi ni nyota tano, ngazi zinaishia hapo.)

Sasa ukiingia kwenye app ya kubuku utaona namba ya pili, kama 7.9 au 8.6. Hiyo siyo nyota. Hayo ni maoni ya wageni. Na hapa ndipo wengi tunachanganya. Mgeni anatoa alama kulingana na alichotegemea. Aliyelipa hela ndogo akakuta shuka safi anatoa 9 kwa furaha. Aliyelipa nyota tano akasubiri chai dakika ishirini anatoa 6. Ndiyo maana unaweza kukuta hoteli ya nyota mbili ina 8.5 na ya nyota tano ina 8.2. Haimaanishi ya nyota mbili ni nzuri zaidi, inamaanisha haikuwaangusha watu wake.

Nyie mnaouza mtandaoni mnalijua hili. Mteja aliyenunua pochi ya elfu kumi na tano hakupimi sawa na aliyenunua ya laki.

Namba ya alama isome pamoja na idadi ya waliotoa. 8.7 ya watu 40 siiamini kama 8.1 ya watu 3,000. Angalia pia imetoka wapi. Booking.com wanaruhusu maoni ya mtu aliyebuku kupitia kwao, na alama yao inaishia 10. Google inaishia 5 na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika. Kwa hiyo usiseme 4.2 ya Google ni sawa na 8.4 ya Booking, ni mizani miwili tofauti.

Halafu achana na wastani, soma maneno. Panga maoni mapya yaje juu, kwa sababu hoteli inabadilika: meneja akiondoka, au ujenzi ukianza jirani, alama za miaka mitatu nyuma hazikusaidii. Mimi natafuta mambo machache tu: lifti, kelele, wadudu, maji ya moto, intaneti, mizigo. Mtu mmoja akilalamika kuhusu lifti naweza kumpuuza. Watano ndani ya miezi miwili, nahama. Kama yameandikwa Kirusi au Kiarabu, bonyeza kutafsiri, hao mara nyingi wanaeleza kwa undani kuliko sisi.

Turudi kwenye 180 na 290. Kabla ya kuzilinganisha, fungua ukurasa wa mwisho wa malipo uone kama kodi zimo. Hoteli za Dubai kwa kawaida zinaongeza huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7 na VAT asilimia 5. Zikiwa hazimo, 180 yako inakuwa kama 220. Juu yake kuna ada ya serikali iitwayo Tourism Dirham, na hii inafuata nyota: dirhamu 7 kwa nyota moja, 10 kwa nyota mbili na tatu, 15 kwa nne, 20 kwa tano. Inatozwa kwa chumba kwa usiku, na mara nyingi unailipa mapokezi hata kama chumba ulishakilipia mtandaoni. Yaani 180 imefika kama 230. Usiku tano ni 1,150, wakati kichwani ulikuwa na 900.

Cheki vizuri: ada hiyo ni ya chumba, siyo ya kichwa. Mkiwa wawili mnaoaminiana, chumba cha vitanda viwili kinagawanya kila kitu katikati. Ila wote mnatakiwa kuandikishwa kwa pasipoti, msimfiche mtu.

Bado kuna dhamana. Hoteli nyingi za kule zinashika kiasi fulani ukiingia, taslimu au kwenye kadi, na kukirudisha ukitoka. Wakishika taslimu hela haijapotea, lakini huwezi kuinunulia mzigo siku tano zote. Wakiishika kwenye kadi, inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Waandikie kabla uulize ni kiasi gani.

Kwa nini basi ile nyingine ni 290? Inawezekana ina bwawa, jengo jipya, chai ya asubuhi ndani ya bei, jina kubwa, au ipo hatua chache kutoka stesheni ya metro. Katika hivyo vyote, mfanyabiashara anayeenda kuchukua mzigo ajiulize kipi kitamrudishia hela.

Safari yangu ya kwanza nilikaa nyota nne, mbali na Deira, kwa sababu nilipata punguzo. Chumba kizuri, bwawa juu ya paa, sikuchovya hata kidole. Kila asubuhi teksi, jioni teksi tena na mifuko. Nikisahau kitu siwezi kurudi kukiweka chumbani mchana. Siku moja nzima ya soko iliishia barabarani. Safari ya pili nikajifanya mjanja, nikachukua nyota mbili ya bei ya chini kabisa karibu na Naif. Lifti ikafa siku ya pili, mimi niko ghorofa ya nne na mabegi ya sampuli. Magoti yanakumbuka mpaka leo.

Sasa hivi natafuta nyota tatu Deira yenye alama 7.8 kwenda juu, kwa miguu hadi Murshid Bazaar na Naif, au karibu na stesheni ya Baniyas Square au Union. Kama mzigo wako ni wa Dragon Mart hesabu inageuka, kule ni mbali na Deira na metro haifiki mlangoni, panga siku zake kabisa.

Tuweke kwenye bei ya bidhaa, maana huko ndiko inakoishia. Nyota nne ikifika 350 kwa usiku na nyota tatu 230, kwa usiku tano tofauti ni dirhamu 600. Ukileta mikoba 150, kila mkoba umebeba dirhamu 4 za hoteli ya ziada, zaidi ya shilingi 2,500 za Tanzania. Mteja wako hatalipa hiyo kwa sababu wewe ulilala pazuri. Itatoka kwenye faida.

Ila msimu unaweza kupindua hesabu. Kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa ni nzuri, watalii wengi, bei juu, na yakitokea maonyesho makubwa ndiyo usiseme. Juni hadi Agosti joto kali linashusha bei, na nyota nne inaweza kukaa chini ya ile nyota tatu ya Desemba. Hapo chukua tu, pumzika.

Kwa mnaopiga picha na kupost mkiwa huko huko: chumba chenye dirisha la nje kinakufaa kuliko bwawa. Vyumba vya bei ya chini kabisa vingine havina dirisha, soma maelezo ya chumba chenyewe, siyo ya hoteli. Na hata ulale nyota tano, simu za WhatsApp za sauti na video kwa kawaida hazipiti Emirati. Meseji na picha zinapita, kwa hiyo waandae wateja wako mapema, usije ukawaahidi kuwaonyesha bidhaa kwa video.

Mwisho, angalia saa ya ndege. Vyumba vingi vinatolewa kuanzia saa nane au tisa mchana na kurudishwa saa sita. Ukifika alfajiri, waombe wakuhifadhie begi mapokezi uende sokoni moja kwa moja. Siku ya kuondoka hivyo hivyo: rudisha chumba, acha mabegi, malizia manunuzi. Waulize kwa maandishi kama wanahifadhi bure na kama wana kikomo cha mabegi. Ukimwambia una mawili halafu ukaleta tisa, hata nyota tano watanuna.