Ng'ombe Anayerudia Joto: Tutibu Mji wa Mimba Kwanza (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza dalili za joto na saa inayofaa kumwita mhimilishaji. Leo tumtazame ng'ombe anayeonyesha joto vizuri, akahimilishwa kwa wakati, na baada ya siku 21 akarudi tena. Akirudi mara tatu, wafugaji wengi wa Rungwe huanza kumwita tasa, na safari ya buchani huwa imekwisha kupangwa. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa, kisha akashindwa kushika tena, achunguzwe kwanza mji wa mimba, kwa sababu mara nyingi tatizo lake lilianza siku ile aliyozaa.

Hapa kwetu Rungwe, mji wa Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayootesha matete na migomba tunayolishia, lakini ndiyo pia inayogeuza sakafu ya banda lisilo na paa zuri kuwa tope la mavi na mkojo. Ng'ombe anapozalia hapo, mlango wa kizazi uko wazi na vijidudu havina kizuizi. Kwa kweli, karibu kila ng'ombe huingiwa na vijidudu katika wiki mbili za mwanzo baada ya kuzaa, hata kwenye banda safi, na wengi hujisafisha wenyewe bila dawa. Wanaoshindwa ni wale waliozaa kwa shida, waliozaa mapacha, waliopatwa na homa ya maziwa, waliokonda kwa kukosa chakula wakati wa mimba na, zaidi ya wote, wale ambao kondo la nyuma halikutoka.

Hapa kwenye kondo ndipo tunapoharibu zaidi. Kwa kawaida kondo hutoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24, limekwama. Mfugaji mwenye huruma hulivuta kwa mkono, na mwingine hufunga jiwe ili uzito ulishushe. Tafadhali, tuache. Kondo limeshikana na vinundu vya ukuta wa kizazi, na kulivuta kunachana ukuta huo na kuwafungulia vijidudu njia ya kuingia kwenye damu. Kata sehemu inayoburuzika chini, iliyobaki iache, kisha mpime ng'ombe joto la mwili kila asubuhi kwa siku 10. Kipimajoto kikivuka nyuzi 39.5, akiacha kula, maziwa yakishuka na akatoa majimaji mekundu yenye harufu ya kuoza, huo ni uvimbe mkali wa kizazi na unaweza kumuua. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Atahitaji antibayotiki ya sindano na pengine maji ya mshipani. Na kama ng'ombe ametupa mimba, usiguse kondo kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, huambukiza binadamu.

Uvimbe wa aina ya pili ni wa kimyakimya. Wiki tatu au zaidi baada ya kuzaa ng'ombe anakula na kukamuliwa kama kawaida, ila mkiani kuna usaha mkavu, au ute wa joto una chembe nyeupe badala ya kung'aa kama ute wa yai. Kumhimilisha ng'ombe huyo ni kutupa mbegu na fedha, kwani kiinitete hakiwezi kuishi ndani ya usaha.

Tiba yake inategemea kilichopo kwenye kifuko cha mayai. Yai likishapevuka na kutoka, mahali pake huota gimba la manjano linalotoa homoni ya projesteroni. Homoni hiyo hufunga mlango wa kizazi na kupunguza nguvu ya kizazi kupambana na vijidudu. Daktari akipapasa na kulikuta gimba hilo, sindano ya prostaglandini huliyeyusha. Kwa kawaida ng'ombe huingia kwenye joto ndani ya siku 2 hadi 5, mlango unafunguka, kizazi kinajikaza na kuusukuma usaha nje. Pasipo gimba, sindano hiyo haina kazi kubwa, na akipewa ng'ombe mwenye mimba, ataitupa. Ndiyo maana ni lazima apimwe kwanza. Wajawazito na wenye pumu wasiishike dawa hii kabisa, maana hupenya kwenye ngozi. Njia nyingine ni antibayotiki maalumu inayowekwa ndani ya kizazi mara moja kwa mrija safi. Maji ya chumvi, sabuni na mitishamba visiingizwe humo, kwa sababu vinaunguza ukuta tunaotaka kuuponya.



Baada ya tiba, usiharakishe. Ute wa joto la kwanza ukiwa bado mchafu, subiri joto linalofuata. Kipindi chote cha dawa ya antibayotiki, zingatia siku za kutokunywa wala kuuza maziwa kama daktari alivyoagiza, hata kama gari la kukusanya maziwa linapita mlangoni.

Kwa ng'ombe anayekaribia kuzaa, mtengee kona kavu na umtandikie maranda au majani makavu ya migomba, ambayo hapa kwetu hayanunuliwi. Andika tarehe aliyozaa na saa kondo lilipotoka. Siku ya 30 mwombe ofisa mifugo wa kata amchunguze, kabla hujamwita mhimilishaji. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka matibabu haya yafanywe na mtaalamu aliyesajiliwa, kwa hiyo una haki ya kumuuliza usajili wake kabla hajafungua mkoba.