Malori Madogo ya Vita: Kazi ya Mikono na Kumbukumbu ya Watu

Watoto wetu wa Kongo wanajua sana kuunda motokari za waya, mabati na vipande vya miti. Leo twataka kuwaeleza habari za watu wazima wa Ulaya, Marekani na Japani ambao nao huunda motokari ndogo. Wengine huchagua malori ya vita yenye bunduki, madogo kiasi cha kukaa juu ya kitabu. Je, kazi hiyo yamfaa Mkristo, au ni kupenda vita tu? Tuitazame kwanza kazi yenyewe, kisha tutoe hukumu.

Kipimo kinachopendwa ni 1 kwa 35: kila sentimita 35 za kitu chenyewe huwa sentimita moja. Kilienea kwa sababu ya kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliunda kifaru kidogo chenye mota ndani, wakakipa ukubwa wa kutosha kupokea mota hiyo na betri zake. Basi lori la Kimarekani liitwalo M35, lenye urefu wa karibu mita 6.7, huwa sentimita 19, na askari mrefu wa sentimita 175 huwa sentimita 5 tu.

Fundi hukata vipande vya plastiki, huvipiga msasa na kuviunganisha kwa gundi. Mifuko ya mchanga huifinyanga kwa kinamo. Akiisha kupaka rangi, hupitisha rangi nyeusi iliyo nyepesi kama maji, ikae katika mifereji kama uchafu wa kweli. Mwisho huchovya brashi katika rangi nyeupe-nyeupe, huifuta mpaka ikaribie kukauka, kisha huipitisha juu ya kingo, nazo huonekana zimechakaa. Kazi hiyo hula majuma mengi, na mwenye haraka huiharibu.

Lakini uvumilivu pekee hautoshi. Yapasa fundi aujue ukweli. Tutwae mfano wa vita vya Vietnam. Malori ya Wamarekani yalichukua mizigo kutoka bandari ya Qui Nhon kwenda An Khe na Pleiku kwa barabara ya 19. Tarehe 2 Septemba 1967 msafara mmoja ulivamiwa njiani. Malori mengi yaliharibiwa, na madereva wakauawa. Hapo madereva wenyewe wakaanza kuyageuza baadhi ya malori yao kuwa walinzi wa msafara. Kwanza walipanga mifuko ya mchanga, lakini mvua iliilowesha ikawa mizito mno. Wakaweka mabamba ya chuma, wakafunga bunduki za rashasha, wakaandika ubavuni jina la kila lori. Moja lao, «Eve of Destruction», lilirudishwa Marekani, likawekwa katika jumba la makumbusho la jeshi huko Fort Eustis, Virginia.

Tarehe 23 Februari 1971, karibu na An Khe, kijana Larry Dahl, mwenye miaka 21, alikuwa mpiga rashasha juu ya lori la namna hiyo. Walikwenda kuusaidia msafara uliovamiwa, wakawafukuza adui. Walipokuwa wakiondoka, bomu la mkono likatupwa ndani ya lori. Dahl akapaza sauti kuwaonya wenzake, akajitupa juu ya bomu hilo. Yeye akafa, wenzake wakaokoka. Nchi yake ilimpa nishani iliyo kuu kuliko zote za ushujaa.

Sasa twaweza kuhukumu. Fundi akiunda lori ili astaajabie bunduki tu, amejifunza kidogo, tena kibaya. Lakini akiuliza kwa nini chuma kiliongezwa pale, nani alisimama nyuma yake, na nani hakurudi kwa mama yake, basi mikono yake inamfundisha huruma. Sanamu yenye ukweli haisemi kwamba vita ni vizuri. Yaonyesha watu wenye hofu waliotafuta kujikinga, na mmoja aliyeupenda uhai wa wenzake kuliko uhai wake.

Neno hili latuhusu sisi, kwa maana nchi yetu imeona vita vingi, na watoto wetu huunda wanayoyaona barabarani. Wazazi na walimu, mtoto akiwaletea lori la waya lenye bunduki ya kijiti, msilivunje wala msicheke tu. Mwulizeni: ni nani wamepanda humo? Wanakwenda wapi? Nani anawangojea nyumbani? Akijua kuyajibu maswali hayo, hataona tena vita kuwa mchezo.