Matajiri wa Marekani (3): Kutoka soko la pamba la New York hadi kilima cha Sasakwa

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulikuwa na matajiri wa chuma na mafuta. Tulimwona Andrew Carnegie akiuza viwanda vyake kwa J. P. Morgan mwaka 1901 kwa dola milioni 480, kisha tukamwona John D. Rockefeller, ambaye mfuko wake ulianzisha kituo cha kuchunguza homa ya manjano pale Entebbe mwaka 1936. Wazee hao walikuwa na tanuri, mabomba na reli; ukitaka kujua utajiri wao ulitoka wapi, ungeonyeshwa kwa kidole. Leo tuna tajiri wa aina nyingine kabisa, asiye na tanuri wala bomba, na kumfuata hatuvuki bahari. Tunatoka Musoma, tunaipita Butiama, tunaikuta Bunda, kisha tunageukia mashariki.

Huko mashariki yako mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yanayopakana na Hifadhi ya Serengeti. Tangu mwaka 2002 haki za kitalu katika eneo hilo zimeshikwa na kampuni iliyoanzishwa na Paul Tudor Jones, Mmarekani wa Memphis, Tennessee, aliyezaliwa mwaka 1954. Pamoja na maeneo jirani, zinazungumzwa ekari kama 350,000. Juu ya kilima cha Sasakwa imejengwa hoteli ya mawe kwa mtindo wa majumba ya makabaila wa Kiingereza wa miaka ya 1900, na tangu mwaka 2006 hoteli na kambi za huko zinaendeshwa na Singita, kampuni ya Afrika Kusini. Kwa fedha anayolipa mgeni mmoja kulala usiku mmoja, familia ya kijiji jirani cha Hunyari ingemlipia mtoto ada ya chuo.

Lakini tuanze na pamba, maana ndiko fedha zilikoanzia, na ni jambo ambalo msomaji wa Bunda analijua kuliko mwandishi yeyote wa Wall Street.

Memphis ni mji wa pamba. Kijana Jones alipomaliza chuo mwaka 1976 alimwendea ndugu yake wa ukoo, William Dunavant, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pamba duniani, ambaye kampuni yake baadaye ilinunua pamba ya wakulima wa Zambia. Dunavant akampeleka New Orleans kwa dalali Eli Tullis, naye akamfundisha kazi ya soko la pamba la New York. Katika soko hilo hutaiona pamba. Hakuna robota, hakuna mizani, hakuna kinu cha kuchambulia. Kinachouzwa ni ahadi.

Mkataba mmoja wa soko lile ni ratili 50,000 za pamba nyuzi, yaani tani 22 na ushee. Tuseme leo ni Juni, nami naahidi kukuletea mzigo huo Desemba kwa senti 70 za dola kwa ratili. Sina pamba, wala sijawahi kushika jembe. Nasubiri. Bei ikishuka hadi senti 60, nanunua ahadi ya mtu mwingine kwa bei hiyo ndogo, naifuta ile yangu, na tofauti ya senti 10 mara ratili 50,000 inanipa dola 5,000. Ikipanda hadi 80, fedha hiyo hiyo inatoka mfukoni mwangu. Mikataba mingi hufutwa namna hiyo, na mzigo hausogei hata hatua moja. Ndiyo kusema mtu anaweza kutajirika kwa bei kushuka, jambo ambalo mkulima wetu, anayepanda Novemba na kuuza katikati ya mwaka unaofuata, halijui hata kwa ndoto. Kwake bei ikishuka imeshuka. Bei dira inayotangazwa kila msimu haiwezi kuupa kisogo ubao wa New York: Machi 2011 pamba ilivuka dola 2 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, na msimu uliofuata wakulima wa Kanda ya Ziwa wakaletewa bei iliyowafanya wagome kuuza.

Nisieleweke kwamba soko hilo ni wizi. Mwenye kiwanda cha nguo hulihitaji ili ajue gharama yake mapema, na lazima awepo mtu wa kuibeba hatari anayoikimbia yeye. Ninachosema ni kwamba hatari ile haikugawanywa hadi Bunda. Mwaka 2009, dunia ilipoyumba, ilibidi Serikali ya Rais Kikwete itenge fedha kufidia hasara za vyama na kampuni zilizokuwa zimenunua pamba kwa bei ya juu.

Jones alifungua kampuni yake, Tudor Investment Corporation, mwaka 1980. Kazi yake ni kuchukua fedha za matajiri wengine na kuzichezesha katika pamba, sarafu, hisa, chochote chenye bei. Sifa yake ilitokana na siku moja: Jumatatu ya Oktoba 19, 1987, hisa za Marekani zilipoanguka kwa zaidi ya asilimia 22. Yeye alikuwa ameshauza ahadi, akisubiri. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha Robin Hood, mfuko wa kupambana na umaskini New York. Na mwaka 1990 alikiri mahakamani kosa la kufukia ardhi oevu bila kibali katika shamba lake la kuwindia ndege huko Maryland, akalipa dola milioni 2. Mtu huyo ndiye aliyekuja kwetu kuhifadhi. Wapo watakaoona toba, wengine unafiki. Mimi naona mtu aliyejifunza, kwa gharama kubwa, kwamba ardhi ina sheria.

Na ardhi ya Tanzania ina sheria ngumu kwa matajiri. Kule Laikipia, Kenya, familia ya Wildenstein, wauzaji wa sanaa wa Paris na New York, ilimiliki Ol Jogi kama shamba lake. Hapa haiwezekani. Mwaka 1958 mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, aliandika kijitabu *Mali ya Taifa* kupinga mpango wa wakoloni wa kuifanya ardhi mali binafsi ya kuuzwa, na msimamo huo bado umo katika sheria za ardhi za 1999: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Kwa hiyo bilionea wa Sasakwa ni mpangaji. Analipa kwa kitalu, anapewa muda, na muda huo huisha.

Alichofanya katika upangaji wake si kidogo. Shughuli kuu ikawa utalii wa kutazama, wageni wachache kwa bei kali. Mfuko wa Grumeti ukaajiri askari wanyamapori, wengi wao vijana wa vijiji vya jirani, baadhi wakiwa wale wale waliokuwa wakitega nyaya porini. Nyati na tembo wakaongezeka mara nyingi. Septemba 2019 faru weusi 9 waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Azimio la Arusha lilituonya tusijenge maendeleo juu ya fedha za wageni, na hapa onyo lile lina uzito wake: kazi ya askari hawa inategemea mifuko ya wafadhili wa nje, na mfuko mkubwa kuliko yote ni wa mtu mmoja anayeishi kwa kubashiri bei.

Ila tembo wakiongezeka hutoka. Hunyari, Mariwanda na Kihumbu, upande wa Bunda, mtu hukesha shambani na tochi na debe la kupiga. Kanuni za mwaka 2011 zinampa mwathirika kifuta jasho kwa ekari zisizozidi 5, na malipo hupungua kadiri shamba linavyokaribia mpaka wa hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 halipati kitu. Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Mariwanda ana hatari mbili, ya bei na ya tembo. Ile ya kwanza ina soko New York, ingawa si kwa mwenye ekari 3. Ya pili haijapata mnunuzi popote.

Wiki ijayo: George Eastman, mwenye Kodak, na safari yake ya Afrika Mashariki ya mwaka 1926.