Simu Imefika, Mizani Bado

Asubuhi ya Juni katika milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, ukungu huwa bado umelala mabondeni wakati wakulima wa viazi mviringo wanapoanza kujaza magunia kando ya barabara. Wengi wao wana simu mifukoni. Kabla mnunuzi hajashuka garini, mkulima amekwisha kumpigia ndugu yake aliyeko Dar es Salaam na kuambiwa bei ya gunia sokoni siku hiyo. Habari ambayo kizazi kilichopita kiliipata kwa barua au kwa kinywa cha dereva, sasa huchukua dakika moja kufika. Tangu mwaka 2008, huduma za kupeleka fedha kwa simu zilipoanza nchini, hata malipo yenyewe huweza kufika shambani bila mtu kubeba noti.

Ingedhaniwa, basi, kwamba mkulima huyo hawezi kupunjwa tena. Lakini hupunjwa, na sababu ni kukosekana kwa chombo kikongwe kuliko simu kwa maelfu ya miaka. Chombo hicho ni mizani.

BEI INA SEHEMU MBILI

Kila bei ina sehemu mbili: kiasi cha fedha na kiasi cha bidhaa. Simu huleta sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili huachiwa gunia, ilhali gunia si kipimo bali ni chombo cha kubebea tu. Katika biashara ya viazi, aghalabu mazao hurundikwa kupita mdomo wa gunia, kisha hufungwa kwa kamba zilizosukwa kama wavu, hata gunia huonekana kama limevaa kilemba. Gunia la namna hiyo ndilo liitwalo lumbesa.

Tuchukue mfano. Mkulima ameambiwa kwamba gunia ni shilingi 60,000, naye anafikiri juu ya gunia la kilo 100, yaani shilingi 600 kwa kilo. Ikiwa gunia analolitoa lina kilo 140, amepata chini ya shilingi 430 kwa kilo. Kwa bei aliyoifikiria, viazi hivyo vilistahili shilingi 84,000. Shilingi 24,000 zimekwenda na kilemba, na simu haikuweza kumwonya, kwa kuwa bei iliyotajwa ilikuwa sahihi kabisa.

UJAZO SI UZITO

Wazee walipima kwa ujazo. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na baadaye debe likashika nafasi kubwa katika masoko ya nafaka. Hata methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba inatokana na upimaji huo. Kwa nafaka iliyokauka vizuri, kipimo cha ujazo hufaa kwa kiasi, mradi chombo kiwe kimoja na mdomo wake ufutwe sawasawa.

Viazi havikubali kupimwa hivyo. Vitu vya mviringo vyenye ukubwa mmoja vikimiminwa ovyo, hujaza kadiri ya asilimia 64 tu ya nafasi; sehemu inayobaki ni hewa. Viazi vidogo vikichanganywa na vikubwa, huingia katika mianya hiyo na uzito huongezeka bila gunia kutanuka. Gunia likitikiswa, viazi hujipanga upya na kushuka, kisha vingine huongezwa juu. Kwa hiyo magunia mawili yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja na mkono mmoja huweza kutofautiana sana kwa uzito.

Mizani huondoa mashaka hayo. Mizani ya springi hufuata kanuni aliyoichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hurefuka kwa kadiri ya uzito unaoivuta, mradi haikuvutwa kupita kiasi. Uzito ukiwa mara mbili, urefu ulioongezeka huwa mara mbili. Mizani ya elektroniki nayo hutumia kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana chini ya mzigo, na upindaji huo hubadili mkondo wa umeme, ambao husomwa kama namba.

Huenda mtu akauliza kama miinuko ya Nyanda za Juu haiharibu vipimo, kwa vile nguvu ya uvutano hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Ni kweli kwamba hupungua. Hata hivyo, mizani ya springi iliyorekebishwa Dar es Salaam, ikiletwa Mbeya, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, haitakosea hata gramu 100 katika mzigo wa kilo 100. Maumbile, basi, humpunja mtu kwa gramu. Lumbesa humpunja kwa makumi ya kilo.

LAMI IMEPATA MIZANI

Jambo la kushangaza ni kwamba viazi hivyo hivyo hupimwa baadaye, lakini si kwa faida ya aliyevilima. Lori likishika barabara kuu iendayo Dar es Salaam, husimama katika mizani ya magari, kama ile ya Makambako na ile ya Wenda mkoani Iringa. Sababu yake ni ya kisayansi. Wahandisi hukadiria kwamba uharibifu wa barabara huongezeka kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, maana yake ekseli yenye uzito maradufu huumiza barabara mara 16. Lami, basi, imekwisha kupata mtetezi mwenye namba mkononi.

Mkulima naye ana sheria ya kumtetea. Sheria ya Vipimo ilitungwa mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo, ulioanza mwaka 2002, una kazi ya kukagua mizani na kuzuia lumbesa. Lakini desturi ina mizizi. Mahali pengi nauli, ujira wa wachukuzi na ushuru vimezoea kuhesabiwa kwa gunia, si kwa kilo. Anayelijaza zaidi hulipa kidogo zaidi. Mchukuzi huubeba mzigo huo kwa mgongo wake kwa ujira ule ule. Mkulima anayekataa peke yake huachwa na viazi vyake, huku jirani yake akiuza. Huko Ilula, mkoani Iringa, wakulima wa nyanya huwa katika hali ngumu zaidi: tenga halina ukubwa mmoja, na nyanya haziwezi kungoja mnunuzi mwingine hadi wiki ijayo.

Kwa sababu hiyo, mizani ya mtu mmoja haitoshi. Yapasa iwe ya wengi, kama vile chama cha ushirika au soko la kijiji, iwekwe mahali ambapo kila mzigo hupita, ikaguliwe na kupigwa mhuri kwa wakati wake, na isomwe mbele ya muuzaji na mnunuzi. Hapo kilemba cha gunia hakitakuwa na faida kwa yeyote, kwa kuwa kila kiazi kilichoongezwa kitaonekana katika namba na kulipiwa.

Nayo simu, ambayo haina kosa, itaweza kufanya kazi iliyotarajiwa. Kinachohitajika ni mkulima kubadili swali analomwuliza ndugu yake kila asubuhi: badala ya kuuliza gunia ni shilingi ngapi, aulize kilo ni shilingi ngapi, akijua kwamba hatua chache kutoka shambani kwake ipo mizani itakayomwambia ana kilo ngapi.